Nina orodha ya misingi minane ya kuchora. Nianze na upi?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, niko Morogoro, nafanya kazi kwenye duka la steshenari. Kwa miaka miwili nimekuwa nachora sura za watu kwa penseli kutoka kwenye picha za simu. Napiga miraba juu ya picha, napiga miraba kwenye karatasi, nahamisha mraba kwa mraba. Zinafanana na wenyewe na watu wananilipa. Lakini ninachokitaka hasa ni kuchora kitabu cha watoto cha hadithi alizonisimulia bibi. Nikijaribu kumchora bibi anatwanga, bila picha, natoa kitu kama cha mtoto wa darasa la pili. Nimetafuta mafunzo mtandaoni, nikaambiwa sina misingi. Nimeandika orodha: mistari, maumbo, perspektivu, uwiano, anatomia, mwanga na kivuli, rangi, mpangilio. Nikaanza na maboksi. Mwezi wa nne sasa nachora maboksi kila usiku, dakika hamsini, nimejaza madaftari mawili, na bibi bado hatwangi. Je, nimekosea kupanga? Nianze na msingi upi? Niache kuchora sura? Kuna kozi ya mtandaoni ya shilingi 180,000, nilipe? Au tuseme ukweli tu, sina kipaji?"

Marahaba, mwanangu. Nimesoma swali lako mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale: "na bibi bado hatwangi". Jibu lako lote liko kwenye maneno hayo manne. Umepewa orodha na watu ambao hawajaona mchoro wako wala hawajui unataka kuchora nini, ukaigeuza kuwa ngazi: nimalize maboksi, ndipo niruhusiwe kuingia kwenye uwiano, ndipo anatomia, na siku moja huko mbele nimchore bibi. Kuchora hakuna madarasa ya namna hiyo. Msingi wa kufanyia mazoezi unauchagua kwa kuangalia kosa lililomo ndani ya mchoro wako mwenyewe, kwenye kitu kile kile unachotaka kukichora. Leo kosa litakuwa hili, baada ya miezi mitatu litakuwa jingine, na orodha yako itapangika upya bila kuiuliza intaneti.

Kwanza tumalize habari ya kipaji. Mtu anayeweza kuhamisha sura ya mtu kwa penseli hadi mwenyewe akubali kulipa ana mkono uliotulia, na ana jicho linalotofautisha kijivu na kijivu. Hayo mawili uliyafanyia kazi kwa miaka miwili hata kama hukuyaita mazoezi. Kwa hiyo chukua orodha yako, "mistari" ifute kabisa, na "mwanga na kivuli" iweke kando. Huo mwanzo unao tayari.

Sasa, kwa nini ukiondoa picha kila kitu kinaporomoka?

Ni kwa sababu kamera ilikuwa inakufanyia nusu ya kazi. Uso wa mtu una unene: pua inakuja mbele, mashavu yanazunguka kwenda nyuma, macho yamekaa ndani ya mashimo yake. Karatasi haina unene. Kazi ngumu kuliko zote katika kuchora ni kukigeuza kitu chenye unene kuwa alama kwenye kitu bapa, na picha ya simu inakufikia ikiwa imeshafanywa bapa. Kisha miraba inafanya jambo la pili: inaukata uso vipande vidogo hivi kwamba ubongo haujui tena kama hiki ni pua au ni mdomo. Unabaki kuona mstari unaopinda na doa jeusi, basi unanakili ulichokiona.

Bila miraba, ubongo unajua. Na ubongo unaojua una tabia ya kumwamrisha mkono. Weka ndoo sakafuni mbele yako uitazame kutoka umbali wa hatua tatu. Ubongo unajua kwamba mdomo wa ndoo ni duara, basi mkono unachora duara pana. Unajua kwamba ndoo imekaa mahali tambarare, basi mkono unachora kitako kwa mstari ulionyooka. Jicho halikuona lolote kati ya hayo. Liliona duaradufu, yaani duara lililobanwa, juu na chini pia. Tabia hii ya ubongo ni neema katika maisha ya kawaida, maana bila hiyo ungedhani mtu anayeondoka kwenda mbali anasinyaa. Ila kwa mchoraji ndiyo mlango ambao makosa mengi huingilia. Mchoro ule unaouita wa darasa la pili ni orodha ya mambo unayoyajua kuhusu bibi: ana kichwa, ana mikono miwili, ameshika mchi, kinu kiko chini. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililotazamwa.

Nikuombe sasa ufanye hesabu moja ndogo. Funga macho, ingia jikoni kwa bibi yako, uniambie kuna vitu gani. Kinu. Mchi. Sufuria. Chungu. Ndoo. Ungo. Bakuli. Jiko la mkaa, ambalo ni kama vikombe viwili vilivyogeuziana vitako. Kata na kibuyu, kama ni bibi wa zamani. Vyote ni vya mviringo! Na wewe umekaa miezi minne ukichora maboksi. Maboksi yana kazi yake kubwa kwa anayetaka kuchora majengo na daladala, na siku utakapomchora bibi mbele ya nyumba yatakusaidia. Lakini hadithi yako imejaa duaradufu, na humo hujapita hata siku moja. Hukuwa mvivu. Ulikuwa unachimba kwa bidii mahali pasipo na maji.

Kwa hiyo msingi wako wa kwanza ni duaradufu, na tuufanye vizuri. Chukua bakuli. Linyanyue hadi mdomo wake uwe sawasawa na macho yako: utaona mstari mmoja tu. Lishushe polepole, mstari unaanza kufunguka. Lishushe hadi miguuni ulitazame kwa juu kabisa: duara kamili. Jambo hilo moja linaeleza vyombo vyote vya jikoni. Kadiri kitu kilivyo chini zaidi ya macho yako, ndivyo duaradufu yake inavyofunguka. Ndiyo maana kitako cha ndoo iliyo sakafuni kinapinda zaidi kuliko mdomo wake, kinyume kabisa na ule mstari ulionyooka ambao mkono ulitaka kuuchora. Angalia pia ncha zake: hazichongoki kamwe kama jani la mwembe, zinazunguka. Na kinu kikiinamishwa, duaradufu ya mdomo wake inainama nacho. Mhimili wake mrefu unakata kwa pembe mraba mstari unaopita katikati ya kinu kutoka kitako hadi mdomoni. Nimekwisha kuona michoro mingi mizuri iliyoharibiwa na kosa hili moja, kinu kimeinama na mdomo wake umebaki umelala kana kwamba ni wa kinu kingine.

Usizichore hewani lakini, kurasa na kurasa za duaradufu zisizo za kitu chochote. Utarudia yale yale ya maboksi. Chora sufuria iliyo mbele yako. Chora ndoo na bakuli vikiwa vimekaa pamoja. Ukimaliza, weka mchoro kando ya kitu chenyewe, rudi nyuma hatua mbili, utafute kosa la kwanza linalokurukia machoni. Moja tu. Liandike pembeni kwa maneno: "mdomo umefunguka mno", "ndoo nimeirefusha". Kosa lililojitokeza mara tatu katika wiki ndilo somo la wiki inayofuata. Hii ndiyo sehemu iliyokosekana kwenye madaftari yako mawili. Nina hakika uliyajaza bila kuyahakiki, maana mtu anayechora boksi kutoka kichwani hana cha kulilinganisha nalo.

Msingi wa pili, unaokwenda sambamba na huo, ni kupima kwa jicho. Nyoosha mkono, kiwiko kikaze, funga jicho moja, pima kwa penseli: upana wa mdomo wa kinu unaingia mara ngapi kwenye urefu wake? Kiwiko ni lazima kikaze, kwa sababu penseli ikikaribia uso kwa sentimita chache tu kipimo kimebadilika. Kisha azima kifaa cha fundi mwashi: timazi. Funga kokoto kwenye uzi, uining'inize mbele ya jicho, uone kitu gani kiko chini ya kitu gani. Mtu akisimama kwa mguu mmoja, shimo la shingo liko juu ya kifundo cha mguu uliobeba uzito, karibu kila mara. Ukimchora bibi na uzi huo ukaangukia nje ya miguu yake, atakuwa anaanguka, hata ukimpaka vivuli vizuri namna gani.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako kuhusu sura. Usiziache; zinakulisha, na zinaweza kukufundisha ukizibadilisha kidogo. Kama miraba yako ni ya sentimita mbili, kazi ijayo ipige ya sentimita nne. Baadaye bakiza msalaba tu, mstari wa katikati ya uso na mstari wa macho. Mwishoni ondoa vyote, ukae na penseli ya kupimia. Utagundua kosa linalowapata karibu wote wanaoacha miraba: macho yanapanda juu. Katika kichwa cha mtu mzima macho yako katikati, nusu ya kichwa iko juu yake na nusu chini. Hatuamini kwa sababu paji la uso na nywele havisemi chochote, basi tunavinyima nafasi. Mteja wa haraka mwenye pesa mkononi mpigie miraba yako kama kawaida, hakuna dhambi. Ila kila mwezi chora sura moja ya ndugu yako aliyekaa mbele yako, bila simu.

Perspektivu, yaani kanuni za kuonyesha umbali na unene kwenye karatasi bapa: wewe unahitaji kipande kimoja tu kwa sasa, na lugha yetu ilishakipa jina. Mstari ambapo bahari inakutana na mbingu tunauita upeo wa macho. Simama ufukweni, upeo uko usawa wa macho yako. Kaa mchangani, nao unashuka nawe. Panda ghorofani, unapanda nawe. Mwenye kuuweka mstari huo ni mtazamaji. Sasa fikiri: nani anamtazama bibi akitwanga kwenye kitabu chako? Kama ni mtoto aliyekaa kwenye mkeka, macho yake yako karibu sawa na mdomo wa kinu. Basi mdomo wa kinu utakuwa karibu mstari, na bibi atakuwa mrefu kama mnazi juu yake. Kama ni mtu mzima aliyesimama mlangoni, mdomo utafunguka na utaona mtama ndani. Ukurasa ule ule, hadithi mbili tofauti. Amua macho yako wapi kabla hujagusa karatasi; hicho ndicho kipande cha perspektivu kinachokuhusu mwaka huu.

Na usitishwe na wanaosema bila perspektivu kamili huwezi kuitwa mchoraji. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta zenye kung'aa juu ya mbao nyembamba za hadibodi, akauza kazi zake pale Oyster Bay, Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1972, akiwa amefanya kazi hiyo kwa miaka michache tu. Chui wake hana upeo wa macho wala mistari inayokutana mbali. Ana umbo lililo wazi, rangi iliyokolea na nafasi aliyoijaza vizuri, na dunia nzima inamtambua. Ikiwa kitabu chako unakiona hivyo, bapa na chenye rangi, basi orodha yako inabadilika kabisa: umbo na mpangilio ndivyo vinavyokwenda mbele, perspektivu inabaki nyumbani. Jiulize kwa ukweli, ukurasa unaouona ukifumba macho unafanana na nini? Mimi kwa maelezo yako nimehisi unataka bibi mwenye uzito, anayekanyaga ardhi, nimejibu kwa msingi huo.

Anatomia iache. Majina ya misuli hayatamfanya bibi atwange. Kinachotwanga ni mkao wa mwili mzima, na huo unajifunza kwa michoro ya dakika moja au mbili: hakuna uso, hakuna vidole, ni mstari mmoja unaopita kutoka kichwani hadi kwenye mguu wenye uzito, kisha mabega, kisha nyonga. Nenda sokoni, au popote wanawake wanapoinama, wanapobeba na kunyanyua. Omba ruhusa kwa heshima ukiwa karibu. Mara nyingi watacheka na kukukubalia. Kipimo kimoja tu kitakusaidia: mtu mzima aliyesimama ana urefu wa vichwa vyake saba hadi saba na nusu. Mtoto ana vichwa vichache zaidi kwa sababu kichwa chake ni kikubwa kulingana na mwili, na mjukuu ukimpa vichwa saba atakuwa mzee mdogo.

Kutwanga kwenyewe kuna nyakati mbili. Mchi ukiwa juu, mwili umenyooka, visigino karibu vinyanyuke, pumzi imejaa. Mchi ukiwa chini, mgongo umepinda, magoti yamelegea, nyonga zimerudi nyuma ili kichwa kilichokwenda mbele kisimwangushe. Wanaoanza huchora wakati wa katikati, ambao hausemi lolote. Chagua mmoja.

Limebaki daraja la kutoka kwenye kitu kilicho mbele yako kwenda kwenye kitu kilicho kichwani, maana kitabu chako kitatoka kichwani. Daraja hilo ni kumbukumbu, nayo inafundishika. Mtazame mtu anayetwanga kwa dakika moja bila penseli. Geuka, chora. Kisha rudi utazame tena, na hapo ndipo utashangaa: utaona vitu ambavyo mara ya kwanza vilikupita, kwa sababu sasa jicho lina maswali. Ndiyo njia ya kujaza ghala. Anayechora "kutoka kichwani" anatoa alichowahi kukitazama vizuri. Hakuna ghala jingine. Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya uchoraji Makerere mwaka 1937, alikuwa akiwasimulia wanafunzi wake tukio la maisha waliyoyajua, nao wakaliona kwanza akilini kabla ya kuchora. Wewe usimulizi unao tayari, kwa sauti ya bibi yako. Kilichopungua ni macho yaliyotazama kinu.

Gawa dakika zako hamsini hivi: ishirini za kosa la wiki, sufuria na ndoo zikiwa mbele yako, tano za kuhakiki na kuandika, zilizobaki mchore bibi. Kila usiku, hata akitoka vibaya. Ukimsubirisha hadi uwe "tayari" utaacha, na nimewaona wengi wazuri wakiachia hapo. Karatasi tumia zile zilizoharibika dukani wakati wa kutoa kopi, upande wa nyuma, na penseli ya HB na 2B zinatosha. Kuhusu muda, nisikudanganye: duaradufu na kupima utaona mabadiliko ndani ya wiki kadhaa, mkao utachukua miezi, na kuchora watu kutoka kichwani kwa uhuru ni kazi ya miaka, ila kitabu unaweza kukianza muda mrefu kabla ya hapo.

Kozi ya shilingi 180,000? Waulize jambo moja: je, mwalimu ataiona michoro yangu na kunirudishia masahihisho, mara ngapi? Kama jibu ni video tu, tunza pesa yako, kwa sababu hukukosa maelezo, umekosa mtu wa kukuonyesha kosa. Kama ataisahihisha kila wiki, inaweza kufaa, baada ya miezi miwili ya kazi hii, ukiwa umejua unamwuliza nini.

Na kuna wakati ambapo maandishi kama haya hayatoshi. Ukiona kosa lile lile limekaa kwenye ukurasa wako kwa miezi miwili na umelifanyia kazi kweli, tafuta mtu akae pale ulipokaa, atazame kitu ulichokitazama kwa pembe ile ile. Dakika kumi za mtu huyo zinazidi barua kumi. Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space kule Mikocheni, mahali wasanii wanapofanyia kazi, na Bagamoyo kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Ukipata nafasi ya kusafiri, nenda na daftari lako lenye makosa yaliyoandikwa pembeni, usiende na sura nzuri peke yake. Hata mwalimu wa sanaa wa shule ya jirani anafaa akiwa tayari kukaa nawe. Na hili lisichelewe: vidole vikianza kufa ganzi usiku, au kiganja kikiuma hata siku usiyochora, pumzisha mkono na umwone daktari. Madaftari mawili kwa miezi minne, juu ya kazi ya dukani, ni mengi.

Usiku huu, kabla ya kuanza sufuria, mchore bibi anatwanga mara moja, bila kufuta. Andika tarehe nyuma ya karatasi, uiweke mahali usipoiona. Miezi mitatu ikiisha mchore tena, kisha unitumie zote mbili, nami nitakuandikia ni kosa lipi linalofuata.